Lita Moja, Kilo Mbili na Ushee: Magari, Hewa Ukaa na Mji Tunaoujenga

Mhadhara uliotolewa Dar es Salaam mbele ya wanafunzi wa uhandisi, madiwani, wenye daladala na wakazi wa jiji

Najua wapo kati yenu waliokaa Barabara ya Morogoro saa nzima kabla ya kufika ukumbini. Poleni. Mkinivumilia, saa hiyo nayo tutaipigia hesabu.

Nimeombwa nizungumzie hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi, inayotoka kwenye magari na kwingineko. Mada hii kwetu huja kwa sura mbili. Ama ni mawaidha ya kupanda miti, ama ni lawama kwa mataifa tajiri. Sura zote mbili zina haki yake, ila hakuna inayomsaidia diwani kuamua barabara ipite wapi, wala inayomsaidia mtu anayetaka kuagiza gari lake la kwanza. Kusudi langu leo ni jembamba zaidi. Nataka tuihesabu gesi hii kwa vipimo tulivyonavyo mkononi kila siku, yaani lita, kilomita na abiria, kisha tuangalie hesabu hiyo inasema nini kuhusu kodi za magari na mpangilio wa mji wetu. Nina hoja tano. Hazilingani urefu, na niseme mapema kwamba ya nne ndiyo iliyonitoa nyumbani.

Hoja ya kwanza: hewa ukaa haimo kwenye moshi unaouona

Mkazi wa Dar es Salaam akiombwa aonyeshe gari linalochafua hewa, atanyoosha kidole kwenye Coaster kuukuu inayopanda mlima wa Kimara ikitoa moshi mweusi. Hajakosea, maana moshi ule ni masizi ya dizeli ambayo haikuungua vizuri, na masizi huingia kifuani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uchafu wa hewa, wa nje na wa majikoni, huua watu wapatao milioni 7 kwa mwaka. Kwa hiyo sitaki mtu atoke humu akisema nimeutetea moshi.

Lakini hewa ukaa haina rangi wala harufu. Hutoka kwenye ekzosi ya gari jipya linalong'aa sawasawa na inavyotoka kwenye mkweche. Tena fundi akilifanyia gari marekebisho mazuri na mafuta yakaungua barabara, ndivyo kaboni yote inavyogeuka hewa ukaa. Kile kifaa cha kwenye ekzosi ambacho mafundi wetu hukiita masega, ambacho wezi hukikata kwa sababu ya madini ya thamani yaliyomo, kazi yake mojawapo ni kuchukua kaboni monoksidi, ambayo ni sumu, na kuigeuza kaboni dioksidi. Masega yanaokoa mapafu. Tabianchi hayaigusi.

Sasa tuje kwenye hesabu. Lita moja ya petroli ina uzito wa kama robo tatu ya kilo. Ndani yake mna gramu zipatazo 640 za kaboni. Kaboni hiyo ikiungua, kila gramu 12 hujitwalia gramu 32 za oksijeni kutoka hewani, na zote pamoja huwa gramu 44 za hewa ukaa. Wanafunzi, fanyeni wenyewe: 640 mara 44, gawanya kwa 12. Mnapata gramu zinazokaribia 2,350. Lita moja ya petroli, basi, hutoa kama kilo 2.3 za hewa ukaa, na lita ya dizeli, ambayo ni nzito zaidi, kama kilo 2.7. Watu wengi hushangaa gesi inawezaje kuzidi uzito wa mafuta yaliyoizaa. Jibu ni oksijeni: gari hubeba sehemu tu ya malighafi kwenye tangi na nyingine huivuta njiani bure.

Maana yake kwetu ni kubwa. Hakuna chujio la gari, hakuna dawa ya kumimina kwenye tangi, hakuna fundi atakayeipunguza gesi hii kwa njia nyingine isipokuwa kupunguza mafuta yanayoungua. Kipimo chake tayari unacho mfukoni, ni risiti ya sheli. Ukijaza lita 40, umejaza zaidi ya kilo 90 za hewa ukaa. Ile saa moja ya foleni, injini ikiunguruma na AC ikiwa imewashwa, hula kadiri ya lita moja, na kilo zaidi ya mbili zimekwenda bila gari kufika popote.

Hoja ya pili: inayotoka haiondoki upesi

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa wengi mmeyasoma. Mwaka 1859 John Tyndall, akiwa London, alionyesha kwa vipimo kwamba gesi hii hunasa joto. Miaka mitatu kabla yake, Mmarekani Eunice Foote alikuwa ameweka hewa ukaa kwenye chupa ya kioo juani na kuona inapata joto kuliko hewa ya kawaida. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden akakokotoa kwa mkono, bila mashine yoyote, dunia ingepata joto kiasi gani gesi hii ikiongezeka. Nawatajia miaka hiyo kwa sababu kuna wanaodhani habari hizi zilibuniwa juzi kwenye mikutano ya kimataifa. Gari la petroli la Karl Benz ni la mwaka 1885 au 1886. Tyndall alimtangulia.

Tangu Machi 1958 hewa inapimwa juu ya mlima Mauna Loa huko Hawaii, kazi aliyoianzisha Charles David Keeling. Alipoanza, kila chembe milioni za hewa zilikuwa na chembe za hewa ukaa zipatazo 315. Kabla ya enzi ya viwanda zilikuwa kama 280. Mwaka 2013 kipimo kiligusa 400 kwa mara ya kwanza, na mwaka 2024 wastani ulikwishapita 420.

Fikirini tangi la maji lenye bomba kubwa linaloingiza na tundu dogo linalotoa. Kwa kila tani tunayotoa, kama nusu hubaki angani, robo humezwa na bahari, robo na mimea na udongo. Tukipunguza kasi ya bomba kidogo, tangi linaendelea kujaa, ila polepole zaidi. Ndiyo maana mwanasiasa anayejisifu kwamba ongezeko limepungua hajasema bado kwamba maji yameshuka.

Na ile robo inayomezwa na bahari haipotei hivihivi, huifanya bahari iwe na tindikali zaidi. Joto lenyewe lina hesabu yake baharini. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe ya Mafia na ya sehemu nyingi za pwani ya Tanzania na Kenya yalipauka, na mengi yakafa. Mvuvi wa Mafia hana gari, na huenda hajawahi kulihitaji.

Hoja ya tatu: gari lina ndugu zake

Dunia hutoa kama tani bilioni 37 za hewa ukaa kwa mwaka kutokana na makaa ya mawe, mafuta, gesi asilia na saruji. Magari yote ya barabarani, ya abiria na ya mizigo, hutoa takribani tani bilioni 6 kati ya hizo. Makaa ya mawe peke yake ni karibu asilimia 40 ya jumla yote, na mengi huunguzwa kuzalisha umeme. Ndege zinazolaumiwa sana ni kama asilimia 2.5, na meli ni kama asilimia 3. Haya ni ya dunia nzima, na kwetu mpangilio ni tofauti, kwa hiyo niwataje ndugu wawili wa gari tunaowafahamu kwa sura.

Wa kwanza ni saruji. Ukipita Tegeta unaona kiwanda cha Wazo Hill, ambacho tangu miaka ya 1960 kimelijenga jiji hili nusu yake. Mkenya atataja Bamburi. Watu hudhani hewa ukaa ya saruji inatokana na moto wa tanuri. Sehemu ni kweli. Lakini sehemu kubwa zaidi hutoka ndani ya jiwe lenyewe. Jiwe la chokaa likipashwa joto kali huvunjika: katika kila kilo 100 za chokaa safi, kilo 56 hubaki kuwa malighafi ya saruji na kilo 44 huruka kama hewa ukaa. Ungeweza kuwasha tanuri kwa umeme wa jua, na kilo 44 zingeruka vilevile. Ndiyo maana wahandisi hujaribu kuchanganya saruji na pozolana, yaani majivu ya volkano, au vitu vingine, ili chokaa ipungue. Vijana wa uhandisi ujenzi, nchi yenye volkano kama Rungwe na Kilimanjaro haikosi mahali pa kuanzia utafiti huo.

Wa pili ni mkaa. Mkaa ni mjanja kwa sababu una hoja ya kujitetea: kaboni ya mti ilitoka hewani, na mti mwingine ukiota mahali pale itarudi mtini. Ni kweli, kama utaota. Ukienda upande wa Pwani na Morogoro ukaona yaliyokuwa mapori, unajua jibu. Isitoshe, tanuri letu la udongo hupoteza zaidi ya nusu ya nishati ya mti kabla gunia halijapakiwa kwenye lori, na hutoa gesi nyingine ya methani. Ukikusanya vyanzo vyote vya Tanzania, ukataji wa misitu na matumizi ya ardhi huyapita magari kwa mbali. Serikali imezindua mkakati wa miaka 2024 hadi 2034 wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kwa tabianchi yetu, sera ya jiko ni nzito kuliko sera ya gari. Nimekuja kusema habari za magari, lakini ningekuwa sina uaminifu nikificha hilo.

Kwa nini basi nijisumbue na magari? Kwa sababu mkaa tunajua unakoelekea, na magari tunajua pia yanakoelekea, na njia zao ni kinyume: mkaa umepangiwa kupungua, magari yanaongezeka.

Hoja ya nne: hesabu ya kichwa kwa kichwa, na kodi inayoangalia upande usiofaa

Turudi kwenye Coaster yetu ya Kimara. Tuseme inakula lita 20 za dizeli kwa kilomita 100, maana ni kuukuu na foleni ni kali. Hizo ni gramu 540 za hewa ukaa kwa kila kilomita. Imebeba watu 35, tusihesabu wanaoning'inia mlangoni. Kila abiria anabeba gramu 15 hivi.

Pembeni yake kuna gari dogo safi, vioo vimefungwa, linakula lita 10 za petroli kwa kilomita 100 kwenye foleni, na ndani yumo mtu mmoja. Huyo anabeba gramu 230. Hatoi moshi hata kidogo. Ni mtu mmoja sawa na abiria 15 wa Coaster.

Bodaboda inayokula lita mbili na nusu kwa kilomita 100 itatoa gramu zinazokaribia 60 kwa abiria wake mmoja. Ni robo ya gari, lakini ni mara nne ya Coaster. Basi refu la mwendokasi, likila lita 55 na kubeba watu 140, linafika gramu 11. Mwaweza kubishana na makadirio yangu ya ulaji wa mafuta, na madereva mliopo mnayajua kuliko mimi. Yabadilisheni mnavyotaka, mpangilio utabaki uleule: kinachoamua ni vichwa vingapi vimo ndani, si rangi ya moshi. Ile daladala tunayoionea aibu, ambayo kila mpango wa jiji unataka kuiondoa mjini, kwa hesabu ya hewa ukaa ni chombo cha heshima kuliko karibu kila gari lililoegeshwa nje ya ukumbi huu. (Naona wenye daladala mnapiga makofi. Subirini, nozeli zenu, zinazozaa ule moshi mweusi, bado ni tatizo.)

Sasa tazameni kodi. Kwa viwango tulivyovizoea miaka mingi, gari la abiria linaloingia nchini likiwa na zaidi ya miaka 10 hutozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Wa miaka 8 hadi 10 ni asilimia 15. Kwa ukubwa wa injini, ushuru ni asilimia 5 kwa injini inayozidi sisi 1,000 hadi 2,000, na asilimia 10 kwa inayozidi hapo. Injini ya sisi 1,000 kushuka chini hailipi kitu kwa kigezo hicho.

Chukueni Vitz ya injini ndogo yenye miaka 15, inayokula lita 6 kwa kilomita 100. Inatoa gramu 138 kwa kilomita. Chukueni na shangingi jipya la dizeli linalokula lita 15: gramu 405. Vitz inatozwa asilimia 30 kwa uzee, shangingi asilimia 10 kwa ukubwa. Kwa shilingi, najua, shangingi litalipa zaidi kwa kuwa bei yake ni kubwa, na mengi huingia kwa misamaha ambayo leo si mada yetu. Nazungumzia kiwango. Kiwango kinamwambia mwalimu anayenunua Vitz kwamba kosa lake ni kubwa mara tatu, wakati kwa hewa ukaa kosa lake ni theluthi.

Ushuru wa uchakavu una mantiki yake. Gari kuukuu huwa na breki mbovu, na mara nyingi limefika bila masega. Kenya imeweka ukomo wa miaka 8 kwa magari yanayoingizwa, na Uganda mwaka 2018 ikapiga marufuku yenye zaidi ya miaka 15. Sitaki ushuru huo ufutwe. Ninachotaka ni kigezo cha tatu, kigezo cha lita. Japani, yanakotoka mengi ya magari yetu, ulaji wa mafuta wa kila modeli huchapishwa rasmi. Taarifa hiyo ipo, ila hapa bandarini hakuna anayeiuliza.

Nawakumbusha pia kwamba kanda hii imewahi kufanya jambo gumu zaidi. Hadi mwanzoni mwa mwaka 2006 nchi zote za kusini mwa Sahara zilikuwa zimeachana na petroli yenye risasi, baada ya makubaliano ya Dakar ya 2001. Kisha Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zikahamia pamoja kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Sheli hazikufungwa wala nauli haikupanda kwa ajili hiyo, na raia wengi hawakujua hata kwamba kuna lililobadilika.

Hoja ya tano: umeme, gesi, na tahadhari

Gari la petroli hupeleka kwenye magurudumu kama robo tu ya nishati ya mafuta, na inayobaki hutoka kama joto. Mota ya umeme hupeleka zaidi ya robo tatu. Lakini gari la umeme ni safi kadiri umeme wake ulivyo safi. Mahali umeme unapotoka kwenye makaa ya mawe, faida inapungua sana. Hapa Afrika Mashariki bahati iko upande wetu. Kenya hupata sehemu kubwa ya umeme wake kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria. Ethiopia, yenye umeme wa maji karibu mtupu, mwaka 2024 ilizuia kuingiza magari binafsi yasiyo ya umeme, na sababu kubwa iliyotolewa ilikuwa fedha za kigeni za kununulia mafuta. Kwetu, Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, na treni ya umeme inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu 2024.

Tahadhari ni mbili. Bwawa lilikatiwa msitu, na maji hayana ahadi. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2022 mnaukumbuka. Pili, kuhusu magari yanayobadilishwa kutumia gesi asilia, ambayo foleni zake za kujaza sote tumeziona: gesi hiyo hutoa hewa ukaa pungufu kwa kama asilimia 20 kwa nishati ileile, na inatoka Songo Songo na Mtwara badala ya kununuliwa kwa dola. Ni nafuu ya kweli. Ila gesi asilia ni methani, na methani ikivuja bila kuungua hunasa joto zaidi ya mara 25 ya hewa ukaa kwa kipimo cha miaka 100. Mfumo uliofungwa ovyo chini ya mti unaweza kuifuta faida yote. Kwa wanaofunga, huo ni wajibu wa ufundi kabla haujawa wa sheria.

Kabla sijafunga, kuna swali ambalo najua litaulizwa: kwani sisi tumekosa nini? Mtanzania kwa wastani hutoa chini ya theluthi moja ya tani kwa mwaka kutokana na mafuta na viwanda. Mmarekani hutoa zaidi ya tani 13. Katika hewa ukaa yote ya mafuta, makaa ya mawe na gesi iliyowahi kutolewa duniani, Marekani peke yake ina kama robo, na Afrika nzima kama asilimia 3. Anayetutaka tujione wakosaji mrudisheni kwenye takwimu hizo. Nilichokileta leo hakitegemei hatia. Kila lita ninayoihesabu tunainunua kwa fedha za kigeni, na kila saa ya foleni inatoka kwenye maisha ya mtu.

Tazameni mbele kidogo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huu. Ile ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Mji unakwenda Kibaha, Chanika, Kigamboni na Bagamoyo, na kila kiwanja kinachopimwa mbali na njia ya basi ni gari litakaloagizwa baadaye. Gari hudumu miaka 20. Barabara na mpangilio wa viwanja hudumu karne. Nchi zinazouza magari zinahamia kwenye umeme, na injini za petroli zitakazoziacha zitatafuta bandari. Kama hatujajiandaa, bandari hiyo ni yetu.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba mambo mawili yachukuliwe kama maombi ya kikao hiki. La kwanza, kabla ya bajeti kusomwa Juni, iandikwe barua kwa wizara inayohusika kuomba kigezo cha ulaji wa mafuta kiingizwe kwenye ushuru wa magari, pamoja na jedwali ambalo wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaweza kuliandaa kwa modeli 50 zinazoingia kwa wingi. Niko tayari kulisimamia. La pili ni kwa waheshimiwa madiwani: kila mpango wa viwanja vipya unaofika mezani kwenu uambatane na mchoro unaoonyesha kituo cha basi kilicho karibu na umbali wa kutembea hadi hapo, na usiokuwa na mchoro huo urudishwe.

Wenye daladala, nozeli zenu tutazizungumza kwenye maswali.